Uhuru Uliopaa Kutoka Pwani Yetu

Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Desemba ndugu zetu wa Kenya hupandisha bendera, hucheza ngoma na kuwakumbuka wale waliotoa jasho na damu ili taifa lao lijitawale. Sisi wa Tanzania, ambao sikukuu yetu ya Uhuru huitangulia yao kwa siku tatu tu, hushiriki furaha hiyo kama watu wa ukoo mmoja. Lakini liko jambo jingine lililotokea tarehe hiyo hiyo, mwaka 1970, ambalo ni nadra kutajwa majukwaani. Siku hiyo roketi iliruka kutoka katika jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini, huko Ngomeni karibu na Malindi, ikichukua chombo cha kuchunguza nyota. Chombo hicho kilipewa jina la Kiswahili. Kiliitwa Uhuru.

Wako watakaodhani kwamba hii ni hadithi ya kuwafurahisha watoto. Sivyo hata kidogo. Uhuru ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kazi ya kutazama mionzi ya eksirei itokayo katika nyota. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi kidogo chombo hicho kiliwafunulia wataalamu mambo ambayo hakuna jicho la mwanadamu lililopata kuyaona tangu kuumbwa kwake. Twataka leo kulizungumza jambo hili na wasomaji wetu, wanachama na wafanyakazi, kwa sababu ndani yake imo sifa, imo faida, na limo swali ambalo hatuna budi kujiuliza wenyewe.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini mtu aende juu kutazama nyota, hali nyota zaonekana hata na mchungaji aliye porini. Nuru tunayoiona kwa macho ni sehemu ndogo tu ya mionzi inayotoka mbinguni. Iko mionzi mingine mingi, na mojawapo ni eksirei, ile ile ambayo daktari huitumia hospitalini kutazama mfupa uliovunjika. Hewa inayoizunguka dunia yetu huizuia mionzi hiyo isitufikie. Hiyo ni rehema kubwa kwa uhai, maana mionzi hiyo ingalitudhuru. Lakini kwa mtaalamu wa falaki hewa hiyo ni kama pazia zito lililofunikwa dirishani. Akitaka kuona yaliyo nje hana njia ila kutoka nje ya pazia lenyewe.

Tarehe 18 Juni, 1962, wataalamu walirusha roketi ndogo huko New Mexico, Marekani. Miongoni mwao alikuwapo Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, Italia. Walitaka kujua kama mwezi hutoa eksirei kwa kupigwa na jua. Mwezi haukuwaonyesha kitu siku ile, lakini vipimo vyao vilinasa mionzi mikali kutoka upande wa nyota za Nge, mbali kabisa na jua letu. Walitafuta kimoja wakapata kingine kilicho kikubwa zaidi. Hata hivyo roketi za namna ile hukaa juu kwa dakika chache tu, kisha huanguka. Ilikuwa kama kumpa mtu nafasi ya kuchungulia soko la Kariakoo kwa kufumba na kufumbua, halafu kumtaka aeleze bei za vitu vyote. Ilihitajika setilaiti, chombo cha kukaa juu mchana na usiku, mwezi hata mwezi.

Ndipo pwani ya Afrika Mashariki ilipoingia katika habari hii. Profesa Luigi Broglio, ambaye pia alikuwa jenerali wa jeshi la anga la Italia, alikwisha kuanzisha kituo cha kurushia roketi katika maji ya Kenya, kwenye majukwaa mawili ya chuma yaliyopewa majina ya San Marco na Santa Rita. Moja lilikuwa la kurushia na la pili la kuongozea kazi. Tarehe 26 Aprili, 1967, setilaiti ya Wataliana iitwayo San Marco 2 iliruka kutoka hapo ikafika salama. Wamarekani, wenye viwanja vyao vikubwa nyumbani, walikuja kuwaomba Wataliana wawarushie Uhuru kutoka Ngomeni. Ikawa ndiyo setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine.

Je, kwa nini waje mbali hivyo? Jibu lake lafaa kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki alijue kwa moyo. Dunia huzunguka ikielekea mashariki, na sehemu inayokwenda kwa kasi kuliko zote ni Ikweta. Mtu aliyeketi kwenye Ikweta akinywa chai yake huchukuliwa na dunia kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa, ingawa hasikii lolote. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka mahali hapo huanza safari yake na mwendo huo mfukoni, pasipo kuulipia mafuta. Tena setilaiti inayoizunguka dunia juu ya Ikweta huepukana na lile eneo la juu ya Atlantiki ya Kusini ambako mionzi ya kusumbua vipimo hushuka karibu na dunia. Na upande wa mashariki wa Ngomeni ni bahari tupu, hivyo vipande vya roketi huanguka majini visimdhuru mtu. Haya yote ni mali aliyotupa Mwenyezi Mungu, kama alivyotupa Kilimanjaro na Ziwa Viktoria. Tofauti ni kwamba mali hii haionekani kwa macho, na mali isiyoonekana mwenyewe huisahau kwa urahisi.

Msimamizi wa mradi ule alikuwa mhandisi mwanamke, Bibi Marjorie Townsend wa Marekani. Yeye ndiye aliyetaka chombo kipewe jina la Uhuru, kwa heshima ya wenyeji waliokuwa wakiadhimisha siku hiyo miaka saba ya kujitawala. Twamshukuru kwa adabu hiyo. Mgeni aliyefika kwa watu akataja jina la mtoto wake kwa lugha ya wenyeji ameonyesha kwamba ametambua yupo nyumbani kwa nani.

Chombo chenyewe hakikuwa kikubwa. Uzito wake ulikuwa kilo 140 hivi, yaani kama gunia moja na nusu la mahindi. Kilikuwa na vipokezi viwili vya eksirei vilivyofungwa mgongo kwa mgongo, kila kimoja na eneo la sentimita mraba 840, nacho kilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, kikifagia mbingu kama taa ya mnara wa bahari. Kazi yake ilikoma mwezi wa Machi, 1973. Mwaka 1979 kilirudi katika hewa ya dunia kikaungua.

Basi kiliona nini? Kabla ya Uhuru wataalamu walikuwa wamehesabu sehemu chache tu mbinguni zitoazo eksirei. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi ya Uhuru ilikuwa na sehemu 339. Lakini idadi si jambo kubwa, kwani hata mtoto aweza kuhesabu. Jambo kubwa ni maana ya vitu vile.

Mojawapo, ambacho wataalamu hukiita Cen X-3, kilionekana kikipiga kama moyo, pigo moja kwa kila sekunde 4.8. Tena kila baada ya siku mbili na kidogo mapigo hayo yalipotea, kisha yakarudi. Wataalamu walitambua kwamba wanatazama nyota mbili zinazozungukana, na ile itoayo mapigo hufichwa nyuma ya mwenziwe kwa saa kadhaa. Nyota hiyo ndogo ni mabaki ya nyota kubwa iliyokufa. Uzito wake wazidi ule wa jua letu, lakini umebanwa katika tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi tu, mwendo ambao mpanda baisikeli huumaliza kabla jua halijawa kali. Nguvu yake ya mvutano huinyang'anya nyota kubwa gesi yake, na gesi hiyo ikianguka hupata joto la mamilioni ya digrii hata ikatoa eksirei. Hivyo ndivyo mbingu zilivyoonekana kuwa na mitambo ya nguvu ambayo hakuna aliyekuwa akiijua.

Kitu kingine kilikuwa katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, nacho hujulikana kwa jina la Cygnus X-1. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei zake zilikuwa zikicheza-cheza, zikizidi na kupungua kwa muda usiofika sekunde moja. Hapa akili ya kawaida yaweza kufuata hoja. Hakuna kitu kiendacho upesi kuliko nuru. Kitu kikiwa kikubwa mno, habari ya badiliko lake huchukua muda kutoka upande mmoja hata wa pili, kwa hiyo hakiwezi kubadilika chote kwa ghafula. Kinachobadilika kwa nusu ya sekunde hakina budi kuwa kidogo. Mwaka 1971 darubini za redio zilisaidia kupajua mahali penyewe barabara, na hapo palionekana nyota kubwa ya buluu. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Thomas Bolton huko Kanada, waliipima nyota hiyo wakaona kwamba yazunguka na mwenziwe asiyeonekana kila baada ya siku 5.6. Walipokadiria uzito wa mwenzi huyo waliona ni mzito mno kuwa mabaki ya nyota ya namna ile tuliyoieleza. Lilibaki jibu moja. Lile lilikuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata nuru yenyewe haiwezi kutoka.

Hadi wakati ule mashimo meusi yalikuwa mahesabu ya karatasini. Msomi maarufu Stephen Hawking wa Uingereza alipigiana dau na mwenzake Kip Thorne wa Marekani mwaka 1974, yeye akisema Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwaka 1990 alikubali kwamba ameshindwa. Nasi twapenda kuwaonyesha vijana wetu jambo hilo. Bingwa wa dunia alikuwa na maoni yake, ushahidi ulipokuja kinyume chake akayaacha, na heshima yake haikupungua. Vipimo vya karibuni, vilivyotangazwa mwaka 2021, vyaonyesha kwamba shimo hilo lina uzito wa majua 21, nalo liko umbali wa miaka ya nuru 7,200 hivi kutoka kwetu.

Aidha, Uhuru ilionyesha kwamba katika makundi makubwa ya galaksi, mahali palipodhaniwa kuwa patupu, pamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Baadaye ilifahamika kwamba gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za galaksi hizo zikijumlishwa. Wanadamu walikuwa wamezitazama mbingu miaka maelfu wakihesabu nyota, kumbe sehemu kubwa ya vitu vilivyoko ilikuwa katikati ya nyota, wala haikuonekana.

Mwaka 2002 Giacconi alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya fizikia kwa kazi hiyo ya eksirei. Kazi aliyoianza imezaa matunda mengine, kama vile darubini iitwayo Chandra iliyorushwa mwaka 1999. Kadhalika, darubini nyingine za angani zimetazama kwa namna nyingine za nuru. Kepler, iliyofanya kazi tangu mwaka 2009 hadi 2018, iligundua sayari zaidi ya 2,600 zinazozunguka nyota nyingine. Darubini ya James Webb, yenye kioo cha upana wa mita 6.5 kilichoungwa kwa vipande 18, ilirushwa tarehe 25 Desemba, 2021, nayo yafanya kazi umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Imeona galaksi kama zilivyokuwa ulimwengu ulipokuwa haujatimiza miaka milioni 300, hali leo ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Na ilirushwa kutoka wapi? Ilirushwa kutoka Kourou, pwani ya Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta, kwa sababu zile zile zilizowaleta wageni Ngomeni.

Kwa wafanyakazi wa viwandani tungependa kutaja mfano mmoja zaidi. Darubini iitwayo Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili, 1990. Ilipoanza kutazama, picha zake zilikuwa na ukungu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kioo chake kikubwa, chenye upana wa mita 2.4, kilikuwa kimesuguliwa kwa umbo lisilo sahihi. Kosa pale ukingoni lilikuwa dogo kuliko unene wa unywele, mara 50 hivi. Chanzo chake kilikuwa nini? Chombo cha kupimia kioo hicho kilikuwa kimefungwa vibaya kwa milimita 1.3. Kioo kilisuguliwa kwa ustadi mkubwa kufuata kipimo kilichokosewa! Tena vipimo vingine vilikuwa vimeonyesha dalili za kosa hilo kabla ya darubini kutoka kiwandani, lakini vikapuuzwa. Ilibidi wanaanga wapande juu mwezi Desemba, 1993, kuirekebisha, na tangu hapo Hubble ikawa fahari ya dunia. Kila fundi, kila karani wa ghala na kila msimamizi wa kazi na ajifunze hapo. Juhudi peke yake haitoshi ikiwa kipimo ni kibovu, na mkubwa asiyependa kusikia habari ya kosa huligeuza kosa dogo kuwa hasara ya taifa.

Sasa tulikabili swali ambalo tunajua limekwisha kuingia katika mawazo ya wengi. Mkulima anayengoja mvua, au mama anayebeba ndoo ya maji kutoka mtoni, atauliza: Nyota hizi zitanifaa nini mimi? Swali hilo ni la haki, wala hatukubaliani na wale wanaolicheka. Nchi isiyokuwa na maji safi vijijini haina haja ya kujenga darubini ya kujivunia mbele ya wageni. Zile tulizozitaja zilijengwa na mataifa tajiri kwa fedha nyingi mno.

Lakini ni kosa vilevile kusema kwamba elimu ya nyota si yetu na haituhusu. Wazee wetu waliijua thamani yake. Walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo ulikuwa utaalamu wa mkulima. Manahodha wa pwani waliovuka hadi Oman na Bara Hindi kwa kufuata kaskazi na kusi walizitumia nyota kujua njia. Majina ya Zuhura, Mushtari na Zohali yamo katika lugha yetu tangu zamani. Haifai leo tujifanye wageni katika nyumba ambayo babu zetu waliwasha taa.

Tena faida za elimu hii hushuka chini kwa njia asizozitazamia mtu. Kampuni iliyotengeneza vipimo vya Uhuru ndiyo pia iliyotengeneza mitambo ya eksirei ya kukagua mizigo katika viwanja vya ndege. Ustadi wa kunasa picha uliotafutwa kwa ajili ya Hubble ulisaidia madaktari kuchunguza uvimbe wa matiti pasipo kumpasua mgonjwa pakubwa. Mhandisi John O'Sullivan wa Australia alikuwa akitafuta milio ya redio kutoka katika mashimo meusi madogo yanayolipuka. Milio hiyo hakuipata, lakini hesabu alizotumia kuitafuta zilikuja kumsaidia yeye na wenzake kutengeneza njia ya kupeleka intaneti pasipo waya. Kijana anayesoma habari katika simu yake akiwa amekaa ofisini au mkahawani huenda anatumia tunda la utafiti huo bila kujua. Asiyepanda mbegu kwa kuwa haoni tunda leo, kesho huwa mnunuzi wa matunda ya wenziwe.

Na hapa ndipo penye jambo lenye uzito. Mwaka 1970 jina la setilaiti ile lilikuwa letu, bahari ilikuwa yetu, na ule mwendo wa dunia kwenye Ikweta ulikuwa wetu. Lakini chombo kilitengenezwa Marekani, roketi ilitengenezwa Marekani, walioirusha walikuwa Wataliana, na habari zilizoteremka kutoka angani zilisomwa na kuelezwa ng'ambo. Setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni kati ya mwaka 1967 na 1988, nazo hazikuzaa katika Afrika Mashariki kizazi cha wataalamu wa falaki kinacholingana na kazi hiyo. Hatusemi hivi kwa kinyongo. Mwaka ule ule wa 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki ndipo kilipogawanyika, na vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vikasimama kila kimoja kwa miguu yake. Tulikuwa wachanga, wenye kazi nyingi na watu wachache. Udhuru huo ulikuwa wa kweli wakati ule. Swali letu ni kama ungali wa kweli leo, baada ya zaidi ya miaka 50.

Wenzetu wa Kenya wameanza kulijibu. Mwaka 2016 walitiliana saini na Italia, mjini Trento, mkataba mpya juu ya kituo cha Malindi, wenye kutaja mafunzo kwa Wakenya na haki ya kupata habari zinazokusanywa na setilaiti. Mwaka 2017 waliunda shirika lao la mambo ya anga, na tarehe 15 Aprili, 2023, setilaiti yao iitwayo Taifa-1 ilipaa. Afrika ya Kusini ilizindua mwaka 2018 darubini ya redio ya MeerKAT yenye masahani 64, nayo itaungwa katika darubini kubwa zaidi inayojengwa kwa ushirikiano wa mataifa. Nchi nane za Afrika zimeshirikishwa katika mpango huo wa bara, zikiwamo jirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji. Jina la Tanzania halimo katika orodha hiyo. Twaitaja habari hiyo si kwa kumlaumu mtu, bali kwa kuwa mwenye nyumba huamka anaposikia jirani zake wote wamekwenda shambani.

Nini basi kifanyike? Hatuombi roketi. Twaomba mambo yaliyo karibu na mikono yetu.

La kwanza ni shule. Mwalimu anayefundisha mzunguko wa dunia na aeleze habari ya Ngomeni, kwa maana mtoto wa Tanga au Mtwara ataifahamu Ikweta vizuri zaidi akijua kwamba watu walivuka bahari kuja kuitumia.

La pili ni kutumia mlango uliokwisha kuwa wazi. Habari zilizokusanywa na Uhuru, Hubble na darubini nyinginezo zimewekwa katika hazina za wazi, na mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti aweza kuzisoma pasipo kulipa. Hata zile mpya, ambazo aliyeziomba hupewa muda wa kuzitumia kwanza, hatimaye hutolewa kwa wote. Mwaka 2007 mwalimu wa shule huko Uholanzi, Hanny van Arkel, alikuwa akijitolea kusaidia kupanga picha za galaksi kwa njia ya intaneti, akaona wingu la ajabu la rangi ambalo wataalamu hawakuwa wamelitambua. Leo wingu hilo lina jina lake. Hakuwa na darubini wala shahada ya falaki. Alikuwa na jicho la uangalifu na saa chache za usiku. Walimu wetu wanayo macho hayo hayo. Wanachokosa mara nyingi ni umeme wa hakika, kompyuta moja ya shule na mtu wa kuwaambia kwamba mlango haukufungwa. Matawi yetu na vyama vya wafanyakazi vyaweza kusaidia katika hayo pasipo kungoja msaada wa mtu wa mbali.

La tatu ni lugha. Elimu isiyosemwa kwa lugha ya watu hubaki kabatini. Mambo yote tuliyoyaeleza leo tumeyaeleza kwa Kiswahili, na twaamini msomaji ametufahamu. Wataalamu wetu waliosoma ng'ambo na waandike kwa lugha hii, ili fundi wa gereji na msichana wa kidato cha pili waweze kuhojiana nao.

Majukwaa ya Ngomeni yangali yamesimama majini, na kituo cha nchi kavu bado husikiliza setilaiti zinazopita juu. Neno lililopelekwa angani kutoka pale ndilo neno tulilolipigania sote. Kujitawala kwa ardhi tulikupata kwa jasho la wazee wetu. Kujitawala kwa elimu hatutapewa na mgeni yeyote, hata awe mwema kiasi gani, kwani mgeni hutuachia jina, naye huondoka na ujuzi wake. Ni juu yetu kuutafuta wetu, na kuanza na watoto walio darasani hivi leo.